Uvimbe kwenye ini la baba: kwa nini hawakuchukua kinyama, na kwa nini hawataki kupasua

Swali

Daktari, shikamoo. Baba yangu ana miaka 57. Zamani kidogo alikwenda kuchangia damu akaambiwa ana homa ya ini B, ila virusi "vimelala" na hana haja ya dawa. Pombe hajaigusa maisha yake yote. Mwaka huu ameanza kukonda, na akila kidogo tu tumbo linajaa. Ultrasaundi imeonyesha uvimbe wa sentimita 6 upande wa kulia wa ini. AFP ni 38. Wakampiga CT skani, kisha wakatuambia ni saratani ya ini, bila kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupima. Ripoti inasema ana sirosisi, Child-Pugh A pointi 6, chembe sahani 78,000, wengu umekua, mshipa wa lango uko wazi. Wanasema hawawezi kumpasua, wanataka kupitisha mrija na kuziba mshipa unaolisha uvimbe. Baba mdogo anasema tunapotezewa muda, apasuliwe haraka. Shangazi ameleta dawa za mitishamba. Naomba unisaidie: wamejuaje kuwa ni saratani? Kwa nini hawapasui? Huo mrija ni tiba kweli au ni kumtuliza tu? Na sisi watoto wake tuko salama?

Jibu

Marahaba, binti yangu, na pole kwa kuuguza. Umenifanyia jambo ambalo wengi hawalifanyi: umenakili ripoti. Wengi huniandikia "baba ana saratani ya ini, tufanyeje?", nami nabaki sina pa kushika. Wewe umenipa ukubwa wa uvimbe, hali ya ini na hali ya mshipa, na kwa hivyo vitatu naweza kukueleza wenzangu waliomwona baba wanafikiri nini.

Baba ana magonjwa mawili ndani ya kiungo kimoja. La kwanza ni saratani. La pili ni sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, ambalo limekuwepo miaka mingi kabla ya uvimbe kuanza. Saratani ya titi au ya utumbo mpana mara nyingi huota kwenye mwili ambao sehemu nyingine ni nzima, kwa hiyo daktari anauliza swali moja tu: imefika wapi? Kwenye ini tunauliza mawili. Imefika wapi, na ini lililobaki lina nguvu kiasi gani? Mara nyingi jibu la swali la pili ndilo linaloamua tiba. Nimewaona wagonjwa wenye uvimbe mdogo kabisa ambao hatukuweza kuwafanyia kitu kwa sababu ini lilikuwa limekwisha, na wenye uvimbe mkubwa waliotibiwa vizuri kwa sababu ini lilikuwa bado linafanya kazi.

Hilo la pombe nalo tulimalize, maana najua watu wanasema pembeni. Pombe ni njia moja kati ya nyingi. Virusi vya homa ya ini B na C ndivyo vimekuwa chanzo kikubwa duniani, na siku hizi mafuta yanayojaa kwenye ini kwa sababu ya kisukari na unene yanavifuata kwa kasi. Kuna pia sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Mtu mwenye virusi vya B anayekula sumukuvu kwa miaka anajiongezea hatari mara nyingi zaidi kuliko kila kimoja kikiwa peke yake. Virusi vya B vina ubaya wao wa pekee: vinaweza kuingiza vinasaba vyao ndani ya vinasaba vya seli ya ini, ndiyo maana vinaweza kuleta saratani hata kwa mtu ambaye ini lake halijapata sirosisi.

Na niseme wazi kwamba neno "vimelala" linanikera. Lipo kundi la watu ambao virusi vyao viko kimya kweli na hawahitaji dawa kwa wakati huo. Lakini ukimya huo hujulikana kwa kupima tena na tena, wingi wa virusi na vimeng'enya vya ini, mwaka hadi mwaka. Mtu akipimwa mara moja, akaambiwa vimelala, akarudi nyumbani bila tarehe ya kurudi, huyo ameachwa. Mwaka 2020 dunia ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya wa saratani ya ini zaidi ya 900,000 na vifo zaidi ya 800,000. Ziangalie namba hizo mbili jinsi zinavyokaribiana. Zinakaribiana kwa sababu wengi wetu tunakutana na ugonjwa huu umekwisha kukua. Ini haliumi ndani yake. Maumivu huanza utando wake wa nje unapovutwa, au uvimbe unapobana jirani zake, kama tumbo la baba linavyojaa kwa vijiko vichache.

Sasa twende kwenye kinyama. Una haki ya kushangaa, maana karibu saratani zote nyingine hatuthubutu kuanza tiba bila kipande cha nyama kupita chini ya hadubini. Ini ni tofauti kwa sababu ya namna linavyolishwa damu. Lina mishipa miwili inayoliingizia damu. Mmoja ni ateri, inayotoka upande wa moyo na kuleta takriban robo ya damu. Mwingine ni huo mshipa wa lango uliotajwa kwenye ripoti, unaokusanya damu kutoka matumboni na kuleta takriban robo tatu. Ini la kawaida hutegemea zaidi mshipa wa lango. Saratani inayoanzia kwenye seli za ini hujijengea vimishipa vyake yenyewe, na karibu damu yake yote huichota kwenye ateri.

Ndiyo maana CT ya ini haipigwi mara moja. Mgonjwa anachomwa sindano ya dawa ya kung'arisha mishipa mkononi, anasikia joto likimpanda mwilini, kisha mashine inapiga picha kwa awamu. Sekunde chache baada ya sindano, dawa ikiwa bado iko kwenye ateri, uvimbe unawaka: unaonekana mweupe huku ini lote likiwa bado la kijivu. Dakika moja hivi baadaye dawa imefika kupitia mshipa wa lango, ini zima linang'aa, na sasa uvimbe ndio umefifia, ni doa jeusi katikati ya weupe. Kwa mtu mwenye sirosisi au homa ya ini B ya muda mrefu, uvimbe wa sentimita moja au zaidi unaowaka mwanzoni na kufifia baadaye namna hiyo unahesabiwa kuwa saratani ya seli za ini, na miongozo mikubwa ya dunia inakubali tiba ianze bila kinyama. Mwombe daktari awafungulie hizo picha mbili kwenye kompyuta, ya awamu ya ateri na ya awamu ya baadaye, aziweke bega kwa bega. Hata mtu asiyesoma udaktari anaiona tofauti.

Kinyama kina gharama yake pia. Sindano inapita kwenye ini la mtu ambaye damu yake haigandi vizuri, na chembe sahani za baba, zile chembe za damu zinazosaidia kuganda, ni karibu nusu ya kiwango cha chini cha kawaida, ambacho ni 150,000. Tena kuna uwezekano, takriban wagonjwa 2 au 3 katika kila 100, wa seli za saratani kufuata njia ya sindano na kuota humo. Hatari hiyo tunaikubali pale tu picha zinapokuwa na utata, au mgonjwa asipokuwa na sirosisi wala homa ya ini B, au tunaposhuku kitu kingine. Na vitu vingine vipo. Ipo saratani ya mirija ya nyongo ndani ya ini, ambayo tiba yake ni tofauti. Na ipo saratani iliyosafiri kutoka utumbo mpana, kongosho, tumbo au titi ikatua kwenye ini. Hiyo si saratani ya ini hata kidogo, inabeba jina la kule ilikotoka na inatibiwa kwa dawa za kule. Ukisikia jirani amepona "saratani ya ini" kwa dawa fulani, uliza kwanza ilianzia wapi.

AFP ya 38 isiwachanganye. Ni protini ambayo ini la mtoto tumboni hutengeneza kwa wingi, kisha hupungua sana baada ya kuzaliwa, na baadhi ya saratani za ini huirudia tena. Baadhi, nasema. Takriban theluthi moja ya wagonjwa hawaipandishi kabisa au huipandisha kidogo tu, kama baba. Upande wa pili, mjamzito ataipandisha bila saratani yoyote, na mtu ambaye homa ya ini imemchachamaa ataipandisha pia. Kipimo hiki kina faida nyingine: kama ilikuwa juu kabla ya tiba na ikashuka baadaye, inatusaidia kufuatilia. Kwa baba sidhani kama itasaidia sana. Tutategemea picha.

Baba mdogo anasema kweli kwenye jambo moja: kuukata uvimbe na kuutoa wote ni miongoni mwa tiba bora tulizonazo. Na uvimbe wa baba ukiutazama peke yake unakatika: ni mmoja, haujaingia kwenye mshipa. Angekuwa na ini zima nisingesita. Ini zima unaweza kulitoa hata theluthi mbili, nalo likajijaza tena ndani ya wiki chache hadi miezi. Ini la sirosisi halina uwezo huo. Na upande wa kulia, alipo uvimbe, ndio mkubwa, hubeba zaidi ya nusu ya ini lote.

Sasa angalia chembe sahani 78,000 na wengu uliokua. Vitu hivyo viwili vinasema jambo ambalo pointi za Child-Pugh, kipimo cha nguvu ya ini nitakachokieleza hivi punde, hazilisemi. Makovu yamelikaza ini kiasi kwamba damu ya mshipa wa lango inapita kwa shida, kama mto uliowekewa ukuta, na maji yanatafuta vijito vya pembeni. Wengu unavimba na kuzinasa chembe sahani. Mishipa ya umio nayo inatanuka na inaweza kupasuka. Ukimpasua mtu mwenye shinikizo hilo na kumtoa sehemu kubwa ya ini, anaweza kutoka salama chumba cha upasuaji, mshono ukawa mzuri, kisha siku ya tano akaanza kuwa manjano, tumbo likajaa maji, akili ikayumba. Saratani imetoka na mgonjwa anakufa kwa kukosa ini. Hicho ndicho madaktari wake wanachokikwepa, nami ningekikwepa.

Zile pointi za Child-Pugh zenyewe hazina siri. Zinahesabiwa kwa vitu vitano: bilirubini (rangi ya manjano inayotolewa na ini), albumini (protini inayotengenezwa na ini), muda wa damu kuganda, maji tumboni na kuchanganyikiwa akili. Kila kimoja kinapewa 1 hadi 3. Jumla ya 5 au 6 ni A, 7 hadi 9 ni B, 10 hadi 15 ni C. Baba yuko A, ila ukingoni. Pointi moja tu ikiongezeka ameingia B, na milango ya tiba inaanza kufungwa mmoja mmoja. Hili tutalirudia nikifika kwa shangazi.

Ziko njia nyingine mbili za kumaliza kabisa ambazo ni vyema mzijue ili msijiulize usiku. Ya kwanza ni kuunguza uvimbe kwa sindano maalumu ya joto inayopitishwa kwenye ngozi. Inafanya kazi nzuri kwenye uvimbe usiozidi sentimita 3. Wa baba ni mara mbili ya huo. Katikati utaungua, kingo zitabaki hai. Ya pili ni kupandikiza ini, na hii ndiyo pekee inayotibu magonjwa yote mawili, kwa sababu saratani na makovu vinatoka pamoja. Mwaka 1996 daktari wa upasuaji Vincenzo Mazzaferro na wenzake wa Milan, Italia, walionyesha kwamba wagonjwa wenye uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au uvimbe hadi tatu usiozidi sentimita 3 kila mmoja, bila saratani kuingia kwenye mishipa mikubwa, wanaishi vizuri baada ya kupandikizwa: takriban robo tatu walikuwa hai baada ya miaka minne. Tangu hapo vigezo vya Milan ndivyo kipimo cha kuanzia karibu kila mahali.

Baba amezidi kwa sentimita moja. Hapo ndipo mrija unapoingia, na ndiyo maana nisingeuita wa kutuliza tu.

Wanachokusudia kinatumia ile ile tabia ya uvimbe niliyoieleza kwenye picha, kwamba unakula kwenye ateri wakati ini linakula zaidi kwenye mshipa wa lango. Baba atalala chali, atachomwa ganzi kwenye kinena au kifundo cha mkono, naye atakuwa macho au amepewa dawa ya kumlegeza. Mrija mwembamba unaingizwa kwenye ateri na kusukumwa taratibu huku mtaalamu wa radiolojia akiufuata kwenye skrini, hadi ufike kwenye tawi linalolisha uvimbe. Kadiri anavyosogea karibu na uvimbe ndivyo ini linavyosalimika. Hapo anamwaga dawa ya saratani, mara nyingi doksorubisini, iliyochanganywa na mafuta yanayonata kwenye uvimbe, kisha anaziba tawi kwa vipande vidogo au chembe laini. Uvimbe unapata sumu na kunyimwa chakula kwa pamoja. Hospitali nyingine hutumia chembe zenye mnururisho badala ya dawa, na nyingine hupiga uvimbe kwa mionzi ya nje iliyolengwa vizuri; kama zinapatikana mlipo, ulizeni, hazina ugomvi na hii.

Ili mrija ufanyike kwa usalama, mshipa wa lango lazima uwe wazi, maana ukiziba ateri ini litabaki linategemea mshipa huo. Wa baba uko wazi. Ndiyo sababu kile kijisentensi cha mwisho cha ripoti kilinifurahisha kuliko vyote.

Jiandaeni kwa siku za baada ya hapo. Homa ya wastani, maumivu upande wa kulia, kichefuchefu, uchovu wa siku kadhaa: vyote hivyo ni vya kawaida, ni uvimbe unaokufa. Homa inayopanda na kutetemeka, macho kuwa manjano, tumbo kuanza kujaa maji, au kuongea vitu visivyoeleweka, hivyo si vya kawaida. Mrudisheni hospitali siku hiyo hiyo.

Baada ya wiki 4 hadi 6 watampiga picha tena, na hapa familia nyingi huvunjika moyo bure. Ripoti inaweza kusema uvimbe una sentimita 5.8. Baba mdogo atasema, "Si niliwaambia?" Ukubwa wa uvimbe uliokufa hauondoki haraka, nyama iliyokufa hubaki palepale kwa miezi. Tunachotafuta ni sehemu inayowaka kwenye awamu ya ateri. Isipowaka, haina damu, imekufa. Muulize daktari hivi: "Sehemu iliyo hai imebaki sentimita ngapi?" Kama imeshuka chini ya 5 na ikatulia kwa miezi kadhaa, vituo vingi hukubali kumrudisha mgonjwa kama baba kwenye mazungumzo ya kupandikizwa, uvimbe mmoja wa sentimita 5 hadi 8 ni miongoni mwa zile zinazofikiriwa kwa njia hiyo. Hapo ndipo litakuja swali la nani atatoa ini, na kwa baadhi ya vituo ndugu aliye hai anaweza kutoa kipande chake. Msilianze leo. Lakini waombeni waandike kwenye faili kwamba lengo ni hilo, ili kila mtu afanye kazi akilitazama.

Ikiwa mrija hautafanya kazi baada ya mara mbili, au saratani ikiingia kwenye mshipa, wasing'ang'anie. Kila kuziba kunaligharimu ini kidogo. Kuna dawa zinazopita mwili mzima, na eneo hili limebadilika sana katika kipindi cha kazi yangu. Hadi mwaka 2007 hatukuwa na dawa hata moja iliyothibitika kurefusha maisha kwa ugonjwa huu ukiwa umesambaa. Kisha ikaja sorafenibu: kwenye utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2008 wagonjwa waliishi wastani wa miezi 10.7 badala ya 7.9. Ilikuwa kidogo, na vidonda vya viganja na nyayo vilikuwa vingi, ila ilikuwa mwanzo. Leo tiba ya kuamsha kinga ya mwili ndiyo ya mbele. Mchanganyiko wa atezolizumabu na bevasizumabu ulifikisha wastani wa miezi 19.2 dhidi ya 13.4 ya sorafenibu, na wapo wachache wanaoitikia kwa miaka. Kama mtafika huko, baba lazima aingizwe kwanza kamera mdomoni kuangalia mishipa ya umio, kwa sababu bevasizumabu inaweza kuleta kutokwa damu. Kwa kweli kwa chembe sahani hizo kipimo hicho ningekifanya sasa, kabla hata ya mrija. Mishipa ikikutwa imetanuka, kuna vidonge vya kushusha shinikizo na kuna kuifunga kwa mipira.

Hukuuliza muda. Nikuambie kidogo tu: kwa wagonjwa wanaochaguliwa vizuri kwa tiba ya mrija, wastani huvuka miaka miwili na nusu, na wastani maana yake wengine ni chini ya hapo na wengine ni juu sana. Wanaopandikizwa huenda mbali zaidi.

Jambo ambalo sikuliona kwenye barua yako, nami nalitafuta: dawa ya virusi. Baba anatakiwa awe kwenye tenofoviri au entekaviri sasa, bila kusubiri. Kuvikandamiza virusi baada ya saratani kuota si kuchelewa. Dawa inalilinda ini lililobaki, inazuia virusi kuchachamaa wakati wa tiba, na inapunguza uwezekano wa saratani kurudi. Akianza asiache hata siku moja kwa kuwa "anajisikia vizuri". Kuacha ghafla kunaweza kuviamsha virusi kwa ukali na kuliangusha ini ndani ya wiki chache.

Na shangazi. Msimvunje moyo, ameleta alichonacho kwa mapenzi. Mwelezeni tu kwamba karibu kila kinachoingia mdomoni kinapita kwenye ini kuchujwa, na ini la baba linafanya kazi ya watu wawili. Dawa ya kuchemsha ambayo hatujui ina nini na kiasi gani inaweza kumtoa kwenye A kumpeleka B, na siku ya mrija ikifika daktari akasema hawezi tena. Sio mitishamba tu. Ibuprofeni na diklofenaki, zile za maumivu ya mgongo zinazouzwa kila duka la dawa, ni hatari kwake zaidi ya anavyofikiri: zinaumiza figo na zinaleta kutokwa damu tumboni. Parasetamoli, ambayo watu humkataza mgonjwa wa ini, ndiyo salama zaidi kwake, isizidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge vinne vya miligramu 500, vikigawanywa. Maumivu yakizidi hapo kuna mofini kwa dozi ndogo chini ya uangalizi. Mpeni pamoja na dawa ya kulainisha choo, maana choo kikikaa sumu inapanda kichwani. Dawa za usingizi aziache.

Chakula: msimnyime protini. Kuna imani ya zamani kwamba mgonjwa wa ini asile nyama, nayo imekondesha wengi. Mwili wa sirosisi unakula misuli yake wenyewe usiku, kwa hiyo mpeni samaki, mayai, maharage, nyama, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, na kitu kidogo kabla ya kulala. Chumvi apunguze ikiwa miguu au tumbo linaanza kujaa. Kahawa akiipenda aendelee nayo. Ni moja ya vitu vichache vya kawaida ambavyo tafiti nyingi zimevihusisha na ini kuwa na afya zaidi. Akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, au akishikwa ghafla na maumivu makali ya tumbo na kuishiwa nguvu, hiyo ni dharura, hakuna kusubiri kuche.

Nije kwenu. Virusi vya B haviambukizwi kwa kula sahani moja na baba, kumkumbatia, kumwogesha wala kumlisha. Vinapita kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Wembe, mswaki na mkasi wa kucha awe na vyake. Mama apimwe, na ninyi nyote watoto, na wadogo zake baba pia, maana huenda wote walivipata utotoni kutoka chanzo kimoja. Mkifika maabara ombeni vipimo vitatu kwa pamoja: HBsAg, ambacho kinaonyesha kama virusi vipo sasa, kingamwili ya kiini, inayoonyesha kama mliwahi kukutana navyo, na kingamwili ya HBsAg, inayoonyesha kama mna kinga.

Atakayekutwa hana virusi na hana kinga achanjwe, dozi tatu ndani ya miezi sita. Chanjo hii ina historia nzuri kuliko dawa zote nilizotaja. Taiwan ilianza kuchanja watoto wachanga mwaka 1984, na kufikia miaka ya 1990 saratani ya ini kwa watoto wake ilikuwa imeshuka takriban nusu.

Atakayekutwa na HBsAg, kwa sababu mzazi wake ana saratani ya ini, asikubali kuambiwa vimelala akaenda zake. Apimwe wingi wa virusi na hali ya makovu, aamuliwe kama aanze dawa, na apigwe ultrasaundi ya ini kila baada ya miezi 6 pamoja na AFP, hata kama hajisikii chochote. Uvimbe unaokutwa hivyo mara nyingi ni wa sentimita 1 au 2, na huo tunaweza kuuunguza kwa sindano, mgonjwa akarudi nyumbani kesho yake. Anza na baba mdogo. Mpelekeni apimwe wiki hii, kabla ya mjadala wa upasuaji haujaanza tena.